Maisha ya Paul Taffanel, Mpuliza Filimbi na Mwalimu

Mwanachuo anayejiandaa kuwa mwalimu wa shule ya msingi husoma habari za Pestalozzi, za Froebel na za Maria Montessori, na ni haki azisome. Lakini wako walimu wakubwa ambao majina yao hayatajwi katika vitabu vya elimu, kwa sababu somo walilolifundisha ni dogo machoni pa watu. Mmoja wao ni Paul Taffanel, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1844 na kufariki mwaka 1908. Wapuliza filimbi wa dunia nzima wanalijua jina lake kama mafundi wa saa wanavyoijua saa. Sisi walimu ni nadra kulitaja. Tumeona vema kuyaeleza maisha yake katika kurasa hizi, kwa kuwa jambo alilolishughulikia ndilo linalotukabili kila tuingiapo darasani: watu wenye sauti mbalimbali wafanyeje kazi moja pasipo mmoja kumfunika mwenzake?

Kabla ya kuendelea, inafaa kwanza tuzitambue ala zenyewe, maana nyingine hazionekani katika mkoa wetu wa Simiyu. Filimbi haina haja ya maelezo. Kijana wa machungani huko Meatu au Itilima akipata kipande cha mwanzi au bomba la plastiki hujitengenezea yake. Ala ya pili, inayoitwa obo, ni ndugu wa zumari la pwani: sauti yake hutokana na vijiti viwili vyembamba vya tete vinavyotetemeka midomoni. Klarineti ina kijiti kimoja tu, na sauti yake ni laini zaidi. Fagoti ni bomba refu la mbao lililokunjwa, lenye sauti nzito ya chini. Ya tano ni horni, ambayo si ya mbao bali ni ya shaba iliyozungushwa kama nyoka aliyejikunja. Hata hivyo sauti yake hupatana sana na hizo nne, na kwa sababu hiyo imekubaliwa katika jamii yao. Mtu mmoja kwa kila ala, watano kwa jumla, wameketi katika nusu duara ndani ya ukumbi mdogo, bila kiongozi mwenye fimbo mbele yao: hilo ndilo kundi ambalo Taffanel alilipa uhai mpya.

Paul Taffanel alizaliwa katika mji wa Bordeaux, kusini magharibi ya Ufaransa, tarehe 16 Septemba 1844. Baba yake, Jules, alikuwa mwanamuziki, naye ndiye aliyekuwa mwalimu wake wa kwanza. Mtoto alionyesha kipaji mapema, na alipokuwa na umri wa miaka 10 alipiga filimbi mbele ya hadhira katika mji wa Rochefort. Baadaye alikwenda Paris, akawa mwanafunzi wa Louis Dorus, na mwaka 1860, akiwa bado hajatimiza miaka 16 au ndiyo kwanza anaitimiza, alipata tuzo ya kwanza ya filimbi katika Conservatoire, yaani chuo cha muziki cha taifa. Hakuridhika na filimbi peke yake. Alibaki chuoni akajifunza pia elimu ya upatanifu wa sauti na utunzi, masomo ambayo mpuliza filimbi wa siku zile aliweza kuishi bila kuyajua. Tutaona jinsi yalivyomfaa.

Kuna jambo moja katika mwaka huo wa 1860 ambalo mwalimu asilipite. Filimbi ya zamani ya Ulaya ilikuwa na matundu yaliyopangwa kufuatana na urefu wa vidole vya binadamu, si kufuatana na kanuni za sauti. Matokeo yake ni kwamba baadhi ya noti zilikuwa hafifu na nyingine zilipotoka kidogo. Theobald Boehm, mpuliza filimbi na mfua dhahabu wa Munich, aliligeuza jambo hilo. Mwaka 1832, na tena mwaka 1847, alitoa filimbi ambayo matundu yake yamewekwa mahali ambapo sauti inadai, kisha akaunda vifuniko na vitenzo vya kuviwezesha vidole kuyafikia. Ilikuwa ala bora, lakini aliyekuwa mwalimu wa filimbi katika Conservatoire, Tulou, aliikataa miaka yote. Yeye mwenyewe alikuwa mpigaji hodari wa filimbi ya zamani, tena mtengenezaji wake. Mlango ulifunguka pale tu Dorus alipokishika kiti hicho mwaka 1860. Kwa hiyo Taffanel alikuwa katika kundi la kwanza la vijana waliotoka chuoni hapo wakiwa na filimbi mpya mikononi. Hatumlaumu Tulou kupita kiasi: mtu aliyekwisha kutumia maisha yake yote kuishinda ala ngumu huona vigumu kukubali kwamba ugumu ule haukuwa wa lazima. Lakini tufikirie wanafunzi wangapi walipita mikononi mwake katika miaka hiyo.

Kazi ya kijana huyo ilipanda haraka. Aliingia katika okestra ya Opera ya Paris, akadumu humo kwa zaidi ya miaka 20, akafika kuwa mpuliza filimbi wa kwanza. Alikuwa pia katika okestra ya Société des Concerts, ambayo ilikuwa na heshima kubwa kuliko zote mjini. Wote waliomsikia walikubaliana kwamba hapakuwa na wa kulinganishwa naye. Mtu mwingine angetosheka.

Lakini filimbi, pamoja na ndugu zake wote wa kupuliza, ilikuwa katika hali ya unyonge. Tuieleze hali hiyo kwa mfano wa nyumbani. Wasukuma wanazo jamii mbili za ngoma, Bagalu na Bagika, zilizoanzishwa zamani na Gumha na Ngika. Baada ya mavuno jamii hizo hushindana uwanjani, na kanuni ya ushindi inajulikana: kundi linalovuta watu wengi zaidi ndilo lililoshinda. Kanuni hiyo imezaa ustadi mkubwa, na pia imezaa vituko vingi, maana mchezaji hulazimika kutafuta kila siku jambo jipya la kushtua macho. Ndivyo ilivyokuwa kwa wapuliza ala wa Ulaya katika karne ya 19. Mpuliza filimbi alitakiwa kuwavuta watu, na njia ya kuwavuta ilikuwa kuchukua nyimbo zilizopendwa za michezo ya opera, kuzipamba kwa noti nyingi za kasi, na kuwaacha wasikilizaji wakishangaa pumzi zake zinatoka wapi. Taffanel mwenyewe alitunga vipande vya namna hiyo, tena vizuri. Muziki wenye uzito, ule ambao watu wachache huketi chumbani wakausikiliza kwa makini, ulikuwa umeachiwa watu wa fidla. Wapuliza ala, baada ya kupamba jukwaa kwa robo saa, walirudi kwenye shimo la okestra.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mozart mwaka 1784 na Beethoven mwaka 1796 walitunga kila mmoja kazi ya piano pamoja na ala nne za kupuliza. Kisha akaja Anton Reicha, mzaliwa wa Prague wa mwaka 1770, aliyekuwa rafiki wa Beethoven ujanani na aliyehamia Paris. Kuanzia mwaka 1817 Reicha alichapisha kazi 24 za wapulizaji watano, kila mmoja akiwa na sehemu yake kamili ya kusema. Zilipigwa na mabingwa wa Paris na kusifiwa mpaka nchi nyingine. Reicha alifariki mwaka 1836. Hakupatikana mtu wa kuiendeleza kazi yake kwa nguvu ile ile, na katika muda wa kizazi kimoja muziki huo ukakaribia kusahaulika katika mji ule ule uliozaliwa. Hili ni jambo la kutisha kidogo kwa mtu yeyote anayefanya kazi ya kurithisha. Karatasi zilikuwapo, ala zilikuwapo, nazo zilikuwa bora kuliko za wakati wa Reicha; kilichokosekana ni kundi la watu wanaokutana mara kwa mara kuupiga, na vijana wanaowasikiliza wakiupiga.

Taffanel aliingia katika pengo hilo kwa hatua mbili. Ya kwanza ilikuwa kalamu. Mwaka 1876 Chama cha Watunzi wa Muziki kiliweka shindano la kazi ya wapulizaji watano, naye akashinda. Kazi hiyo ni kubwa, ya sehemu tatu, na mpaka leo wapigaji huihesabu miongoni mwa zilizo bora za aina yake. Ndani yake filimbi haijifanyi bibi arusi. Katika sehemu ya pili, ya polepole, wimbo wa kwanza kabisa amepewa horni, naye mtunzi, aliye mpuliza filimbi mkuu wa Ufaransa, yuko kando anasubiri zamu yake. Hapo masomo yale ya ziada ya ujanani yalizaa matunda, kwani mtu asiyejua utunzi hawezi kuzipa sauti tano haki sawa.

Hatua ya pili ilikuwa kuanzisha chama. Mwaka 1879 Taffanel aliunda Société de musique de chambre pour instruments à vent, yaani chama cha muziki wa ukumbi mdogo kwa ala za kupuliza. Aliwakusanya wapigaji waliokuwa bora mjini: Georges Gillet wa obo, Charles Turban wa klarineti, na wenzao wa fagoti na horni, ilipohitajika piano alikuwapo Louis Diémer. Idadi iliongezeka au kupungua kufuatana na kazi iliyopigwa. Kwa miaka 14, mpaka mwaka 1893, chama hicho kilitoa matamasha ya kila mwaka, kikafufua kazi za Mozart na Beethoven, na kuwaonyesha watu wa Paris kwamba pumzi ya binadamu inaweza kusema mambo mazito kama uzi wa fidla.

Hapa tungependa kutua, kwa sababu namna kundi dogo la wapulizaji linavyofanya kazi ni somo la ualimu lenyewe. Hakuna mtu anayesimama mbele kuwahesabia. Anayeanza huinua ala yake kidogo na kuvuta pumzi kwa namna ambayo wenzake wanaiona. Wanavuta pumzi naye, na sauti zinatoka pamoja. Nani anayeanza hutegemea muziki, si cheo: mara ni filimbi, mara ni fagoti. Mpigaji hujua sehemu yake, lakini hiyo haitoshi. Hana budi ajue wakati gani sehemu yake ni wimbo, wakati gani ni msingi wa wimbo wa mwenziwe, na apunguze sauti ipasavyo. Zaidi ya hayo, ala hizi hazifanani. Noti moja ikipigwa na obo na horni hutoka kama maneno ya watu wawili wa makabila mbalimbali. Fidla nne hupatana kwa kuwa ni za mbao moja. Wapulizaji watano hupatana kwa sababu kila mmoja ameamua kusikiliza. Kila joto la chumba linapopanda, sauti za ala hupanda nalo, tena kwa viwango tofauti, kwa hiyo usikivu huo hauwezi kufanywa mara moja ukamalizika. Unafanywa katika kila noti.

Wasukuma wana wigashe, ngoma ambayo wachezaji huikaa badala ya kuisimama, wakiimba kwa mistari wakiwa wameketi. Ng'ambo ya pili ya Ziwa, katika jumba la Kabaka wa Buganda, walikuwako abalere, kundi la wapuliza filimbi pamoja na ngoma zao. Kwa hiyo wazo la watu wachache kuketi na kujenga muziki kwa kusikilizana si geni kwetu hata kidogo, na mwanachuo asidhani kwamba tunamletea desturi ya Wafaransa tu. Jambo la kumfikirisha ni hili: katika mazoezi ya kufundisha tunawaona walimu tarajali wakifundisha muziki kwa darasa zima kuimba pamoja, mwalimu akipiga meza kwa rula, na aliye na sauti kubwa kuliko wote ndiye anayesikika. Darasa lenye watoto wengi kuliko madawati halimwachii mwalimu nafasi kubwa ya kuchagua. Lakini hata katika darasa hilo inawezekana kuwaita mbele watoto watano, kuwapa kila mmoja mlio wake mfupi wa filimbi au wa mdomo, kuwakataza wasihesabiwe, na kuwaambia waliobaki wasikilize ni nani aliyechelewa. Dakika kumi zinatosha. Tumeona watoto waliokuwa kimya muhula mzima wakiwa wa kwanza kutambua kosa.

Tukirudi Paris, chama cha Taffanel kilifanya kazi nyingine kubwa kuliko kufufua kazi za zamani: kiliwapa watunzi waliokuwa hai sababu ya kutunga. Mwaka 1885 Charles Gounod, mtunzi mashuhuri wa opera aliyekuwa na umri wa miaka zaidi ya 60, alikitungia chama hicho Petite symphonie, kazi ya wapulizaji tisa: filimbi moja, na obo, klarineti, horni na fagoti mbili mbili. Filimbi ile moja ilikuwa ya Taffanel, na katika sehemu ya polepole Gounod aliiandikia wimbo kama wa mwimbaji wa jukwaani. Mwaka 1887 Camille Saint-Saëns aliwachukua Taffanel, Gillet na Turban mpaka St. Petersburg, Urusi, naye akapiga piano pamoja nao. Kwa safari hiyo alitunga kazi iliyojengwa juu ya nyimbo za Denmark na Urusi, kwa kuwa malkia wa Urusi alikuwa binti wa Denmark. Adabu ya mgeni, kama tunavyosema, ni kujua nyimbo za mwenyeji.

Kuanzia mwaka 1890 maisha ya Taffanel yaligeuka. Alichaguliwa katika uongozi wa okestra ya Opera. Mwaka 1892 akawa kiongozi wa Société des Concerts. Na baadaye akaongoza michezo mikubwa, kama Otello ya Verdi ilipochezwa Opera kwa mara ya kwanza mwaka 1894. Hapo kabla haikuwa kawaida kwa mpuliza filimbi kupewa fimbo hiyo. Ilidhaniwa kwamba uongozi ni wa watu wa fidla. Kisha mwaka 1893 akateuliwa kuwa mwalimu wa filimbi katika Conservatoire, mahali pa Altès aliyestaafu. Mwaka huo huo chama chake kilikoma. Kwa kufuata majukumu hayo aliiweka filimbi yake chini, na hadhira ya Paris ikampoteza mpigaji wake mkuu akiwa hajafika miaka 50. Wapo walioona ni hasara. Sisi tunadhani alichagua vema, ingawa hatusemi kwamba uchaguzi huo haukuwa na gharama. Mtu anayeacha jambo analolifanya kuliko watu wote ili awafundishe wengine walifanye hulipa kwa mali ambayo hairudi.

Darasa alilolipokea lilikuwa na desturi zake. Wanafunzi walifundishwa kwa pamoja, wote wakipitia mazoezi yale yale kwa kufuatana, na kila mwaka walipimwa kwa mtihani wa hadhara ambao ulihitimisha kila kitu: mwanafunzi alipiga kipande kilichowekwa, kisha kipande kingine asichokiona kabla, na tuzo ikatolewa au ikakosekana. Kwa muda mrefu vipande vya mtihani wa filimbi vilikuwa vile vilivyotungwa na walimu wa filimbi wenyewe, hasa Tulou na Altès. Hebu tufikirie maana yake. Mwalimu alitunga, mwalimu alifundisha alichotunga, na mwanafunzi alipimwa kwa kipimo hicho hicho. Somo lilizunguka ndani ya nyumba moja na madirisha yamefungwa.

Taffanel hakuufuta mtihani, maana haukuwa wake kuufuta. Alibadili kilichoingia ndani yake. Aliwaendea watunzi wenyewe, watu ambao hawakuwa wapuliza filimbi, akawaomba watunge vipande vya mtihani. Mwaka 1898 Gabriel Fauré alitunga Fantaisie, ambayo aliitoa kwa heshima ya Taffanel. Mwaka 1902 Cécile Chaminade, mmoja wa wanawake wachache waliokuwa wakiishi kwa kazi ya utunzi, alitunga Concertino. Mwaka 1904 ilikuwa zamu ya George Enescu, kijana wa Romania. Mtu anayezisikia leo kazi hizi katika ukumbi wa tamasha hawezi kukisia kwamba zilizaliwa kuwa karatasi za mtihani. Swali zuri la mtihani, kwa kweli, linaweza kuishi kuliko matokeo yake. Pamoja na hayo aliwarudishia wanafunzi muziki wa karne ya 18, sonata za filimbi za Bach na kazi za Mozart, ambazo wapuliza filimbi wa wakati huo walikuwa hawazigusi kwa kuwa hazina mbwembwe za kutosha.

Badiliko la pili lilihusu namna ya kufundisha. Aliupanga upya muda wa darasa ili kila mwanafunzi apate kushughulikiwa peke yake, kwa udhaifu wake na kwa kipaji chake. Sauti ilitangulia vidole: mwanafunzi alitakiwa kwanza kutoa noti ndefu, safi, isiyotikisika ovyo, ndipo aende mbio. Mazoezi ya vidole yalikuwa ya kila siku, yamepangwa kwa utaratibu kupitia funguo zote za muziki, ili pasiwe na noti inayopendelewa na nyingine inayokimbiwa. Wale wanaofundisha kusoma na kuandika wataitambua fikra hiyo. Mtoto anayeandika haraka herufi anazozipenda na kuzikwepa nyingine hajajua kuandika bado.

Kipimo cha mwalimu ni wanafunzi, na hapa orodha ni ndefu kuliko nafasi tuliyonayo. Georges Barrère alikuwa bado katika darasa la Taffanel mwezi Desemba 1894 alipopiga filimbi inayoanzisha kazi mashuhuri ya Debussy iliyotungwa kufuatana na shairi la Mallarmé. Alikuwa na miaka 18. Mwaka uliofuata alipata tuzo ya kwanza, na mwaka huo huo wa 1895, miaka miwili tu baada ya chama cha mwalimu wake kukoma, akaanzisha chama kipya cha wapuliza ala kwa mfano wa kile cha zamani. Barrère alipohamia New York mwaka 1905, chama kikabaki mikononi mwa Louis Fleury, mwanafunzi mwingine wa darasa hilo, naye Barrère akaunda kundi lingine la wapulizaji huko Marekani. Marcel Moyse, aliyepata tuzo mwaka 1906, alifundisha mpaka uzee wake mkubwa na kufariki mwaka 1984. Kwa hiyo wapo wapuliza filimbi walio hai leo ambao walifundishwa na mtu aliyefundishwa na Taffanel uso kwa uso.

Aliyekuwa karibu naye kuliko wote ni Philippe Gaubert. Huyu alizaliwa mwaka 1879, mwaka ule ule wa kuanzishwa kwa chama, na masomo yake ya kwanza ya filimbi aliyapata kwa Jules Taffanel, baba wa Paul, kabla ya kupokelewa na Paul mwenyewe. Mzee mmoja aliwaanzisha wote wawili, mwanawe na mwanafunzi wa mwanawe. Gaubert alipata tuzo ya kwanza mwaka 1894 akiwa na miaka 15, na hatimaye akazishika kazi zote alizozishika mwalimu wake: Opera, Société des Concerts na darasa la filimbi.

Afya ya Taffanel haikuuhimili mzigo aliojitwika. Mwaka 1901 aliacha kuiongoza Société des Concerts. Darasa hakuliacha. Mwaka 1907 alitunga yeye mwenyewe kipande cha mtihani, Andante pastoral et Scherzettino, akakitoa kwa heshima ya Gaubert. Katika miaka hiyo ya mwisho alikuwa akikusanya maandishi ya kitabu kikubwa cha kufundishia filimbi, ambacho kingeeleza kwa hatua yote aliyoyafanya darasani. Alifariki Paris tarehe 22 Novemba 1908, akiwa na umri wa miaka 64, akiwa bado mwalimu wa Conservatoire, na kitabu hakijakamilika.

Maandishi hayo yalikaa kwa miaka 15, vita kuu ya kwanza ikapita katikati yake. Gaubert aliyapanga, akajaza palipokuwa na pengo, na mwaka 1923 kitabu kikachapishwa mjini Paris kwa jina la Méthode complète de flûte. Kinaanza na namna ya kushika ala na kutoa noti ya kwanza, na mna humo vipande vingi vya filimbi mbili, vya kupigwa na mwanafunzi akiwa na mwalimu wake. Mazoezi yake 17 ya kila siku hupigwa mpaka leo katika vyuo vya muziki vya mabara yote. Juu ya jalada yameandikwa majina mawili, Taffanel na Gaubert, bila kuonyeshwa ni ukurasa upi ulio wa nani.